Amplifaya ya valvu niliyojiundia: nianzie wapi kudhibiti volteji?

Santuri wa Mafinga

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaishi Mafinga, jirani na mashine za kupasua mbao. Mwaka jana nilinunua seti ya kujiundia amplifaya yenye valvu (zile taa za kioo za kukuzia sauti) nne za EL84, ndizo za kutolea sauti, na mbili ndogo za ECC83, nikailehemu kwa majuma matatu, na tangu hapo ndiyo inayopiga santuri za dansi alizoniachia marehemu baba yangu. Sauti yake naipenda mno, lakini haitulii. Jioni, misumeno ikiwa bado inanguruma, besi hulegea na waimbaji husikika kama wako nyuma ya pazia. Usiku wa manane sauti hukaza, na valvu za kutolea sauti huwa na moto usio wa kawaida.

Nimepima kwa siku nne. Kwenye soketi ya ukutani napata volti 195 jioni na 245 usiku, badala ya 230. Hita, yaani nyaya za kupasha valvu moto, ambazo zinatakiwa kupata volti 6.3, hupata 5.3 jioni na 6.7 usiku. Volteji ya juu inayoendesha valvu zenyewe, ambayo mchoro unasema iwe 310, hucheza kati ya 263 na 330. Je, nidhibiti njia zote mbili, au moja inatosha? Na LM317, ile chipu ya kudhibiti volteji, inaweza kufungwa kwenye waya uleule wa hita wa transfoma iliyopo?

Fundi wa Mwanjelwa

Kaka, umefanya jambo la maana kupima kabla ya kununua kitu. Wengi huleta amplifaya mezani kwangu wakiwa wamekwishabadilisha valvu mara mbili, kumbe valvu hazikuwa na kosa lolote.

Swali la LM317 lina jibu fupi: haiwezekani. Volti 6.3 za transfoma zikigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu hukupa karibu volti 7 baada ya dayodi kuchukua chao, na LM317 inahitaji ziada ya volti mbili hadi tatu ili ifanye kazi. Jioni yako ya volti 195 ndiyo ingeiangusha kabisa. Isitoshe, EL84 moja hula ampia 0.76, kwa hiyo nne ni zaidi ya ampia 3, na LM317 imeundwa kwa ampia 1.5.

Ushauri wangu ni kwamba hita za EL84 uziachie stabilaiza, yaani kifaa cha kutuliza volteji ya ukutani, iliyo nje, kati ya soketi na amplifaya. Ukipata ya servo, inayorekebisha kwa mota, ni bora kuliko ya rilei, yenye swichi za umeme, kwa sababu ya rilei hupandisha na kushusha kwa hatua, nawe utausikia mlio wake katikati ya wimbo. Kwa ECC83 mbili, tafuta transfoma ndogo ya pembeni ya volti 15, daraja la dayodi, kapasita ya mikrofaradi 4700, kisha LM317 yenye rezista za omu 120 na 1100, ambazo zitakupa takriban volti 12.7. Lisha pini ya 4 na ya 5 za kila ECC83. Kila valvu itachukua miliampia 150. Upande hasi uunganishe na chasi, la sivyo utapata mngurumo ambao utakusumbua kuutafuta.

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Naafiki kuhusu hita, ila naomba tusiiache volteji ya juu. EL84 imewekewa kikomo cha volti 300 kwenye anodi (bamba linalopokea mkondo) na vilevile kwenye gridi ya skrini (wavu ulio mbele ya bamba hilo). Kwa volti 310, ukiondoa kama 11 zilizo kwenye kathodi (sehemu inayotoa mkondo), mbunifu wa seti hiyo alikwishafika ukingoni. Kwa 330 umevuka. Stabilaiza itapunguza tatizo, lakini mahali ambapo udhibiti wa ndani unalipa ni kwenye skrini, kwa kuwa ndiyo inayoamua zaidi mkondo wa valvu, ilhali yenyewe hutumia mkondo mdogo.

Valvu ya gesi ya 0A2 hushikilia volti 150 na mwisho wake ni miliampia 30. Skrini nne hutaka kama 20 zikiwa zimetulia, na zaidi ya 40 muziki ukipanda, kwa hiyo haifai hapa. Tumia MOSFET ya IRF840, transista ambayo miguu yake mitatu huitwa geti, dreni na sosi. Funga dayodi tatu za zena (zile zinazoshikilia volti maalumu) za volti 82 kwa mfululizo ili geti ipate 246. Zilishe kupitia rezista ya kilo-omu 47, nawe utapata takriban volti 242 kwenye sosi, za kulisha skrini. Kati ya geti na sosi weka zena ya volti 12, na kabla ya geti weka rezista ya omu 470, ikae karibu kabisa na mguu wake, ili isianze kutetema yenyewe. Nimechagua 242 kwa makusudi: jioni una 263 tu, na kidhibiti hakiwezi kutoa kisichoingia.

Sasa jambo ambalo nakuomba ulisome mara mbili. Ule ulimi wa chuma wa IRF840 umeungana na dreni, yaani utakuwa na volti 330. Ukiufunga kwenye chasi bila karatasi ya maika na bushi ya plastiki kwenye skrubu, utaunguza fyuzi ukibahatika. Ukimaliza kufunga, pima kwa mita kati ya ulimi na chasi kabla hujawasha.

Santuri wa Mafinga

Shikamoo Mwalimu, nawe Fundi nakushukuru sana. Nimeelewa kwamba nilitaka kuanzia pasipostahili. Nabaki na swali moja: kapasita zangu kuu ni za mikrofaradi 100, na sioni rezista ya kuzimaliza chaji.

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Marahaba, mwanangu. Basi anza na hiyo, hata kabla ya stabilaiza. Weka rezista ya kilo-omu 220 ya wati 2 sambamba na kila kapasita. Ukizima, subiri dakika mbili, kisha pima. Usiingize mkono mpaka mita isome chini ya volti 10. Mkono mmoja uwe mfukoni.