Naomba ushauri: kurekodi sauti za nyumbani Lamu kwa simu

Wenzangu, naomba msaada. Nataka kumrekodia ndugu aliye ughaibuni sauti za kwao: mbuzi ikikuna nazi, mchi kinuni, kwato za punda kichochoroni. Mbuzi inatoka safi simu ikiwa sentimita 30, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ukiilaza simu sakafuni hunasa mtikisiko tu. Taabu ni kinu. Kwa karibu, kishindo kinakwaruza. Ukisogea mita 2, mwangwi wa kuta za matumbawe unameza ule mchakacho mwororo wa nafaka, na huo ndio hasa autakao. Tena simu hupunguza sauti yenyewe kila mchi ukitua. Kuna programu ya kuzima hilo, inayohifadhi WAV (faili la sauti lisilobanwa)? Na upepo wa kusi, sponji kwenye maikrofoni yatosha?