Ngoma ya drams tupu, haina hata mwimbaji, mbona inakamata hivi?

Kijiti_Kavu (mwanzisha mada)

Wakuu habari za usiku. Nina swali mnivumilie. Mimi napiga drams kanisani na mwalimu wa kwaya kila Jumapili analalamika kwamba nakimbiza mdundo, basi juzi nikaingia YouTube nitafute masomo ya kutuliza mkono, si unajua ile kitu ukiiacha inajiendesha yenyewe, usiku wa manane ikanitupa kwenye ngoma ya 1959 inaitwa Teen Beat ya Mmarekani mmoja Sandy Nelson. Aisee. Haina kuimba, haina stori, gitaa lipo lakini ni kama limekodishwa kumsindikiza mpiga drams. Nikadhani ni utani wa studio, kumbe ilifika namba 4 kwenye chati za Billboard! Drams! Huku kwetu MC akitambulisha kundi anaanza na waimba solo, anakuja kwa kinanda, gitaa la besi, halafu "na wengineo". Mimi ndo wengineo.

Sasa swali, hivi ni wazee wa Kizungu tu wanakumbuka ujana wao au kweli kuna kitu mle ndani? Maana 1959 hata mshua wangu alikuwa hajazaliwa, ila nimeirudia mpaka bando likakata. Nawasilisha.

Mzee_wa_Santuri

Kijana umeingilia katikati ya hadithi, ngoja nikurudishe nyuma. Kabla ya Nelson alikuwepo Cozy Cole, mtu mzima wa jazi aliyewahi kumpigia kiongozi wa bendi Cab Calloway, mwaka 1958 anakaribia miaka 50, yaani kwa watoto wa rokenroli huyo ni babu kabisa, akatoa Topsy Part II ikafika namba 3. Na wimbo wenyewe wala haukuwa mpya, bendi ya jazi ya Count Basie ilishaupiga 1937. Mwaka huohuo Benny Goodman, naye wa bendi ya jazi, akarekodi Sing, Sing, Sing na nyuma kakaa mpiga drams wake Gene Krupa anaipiga ile tomtomu ya chini (ngoma ya sauti nene) kama mtu anayegonga mlango na ameapa haondoki. Nelson alimhusudu sana Krupa. Kwahiyo drams za kujitegemea zilikuwepo siku nyingi, rokenroli ilichofanya ni kuzibana ziingie kwenye santuri ndogo ya dakika mbili na ushee, unatumbukiza sarafu kwenye ile mashine ya baa, watu wanacheza, inaisha kabla hamjachoka, unatumbukiza nyingine. Solo la dakika kumi la jazi nani angelivumilia redioni.

Halafu kichekesho, Nelson uzeeni alisimulia kwamba ule mdundo wa Teen Beat aliusikia Japani kwenye klabu ya wacheza uchi, wenzake wote macho kwa wadada yeye kamkodolea mpiga drams. Nyie wapiga drams mna ugonjwa.

Ilala_Damu

Hiyo ni ngoma yetu Waafrika waliiba, mada ifungwe.

Mzee_wa_Santuri

Usifunge haraka mwanangu. Krupa alikuwa mtoto wa Kipolandi wa Chicago, na aliyemfungua masikio ni wapiga drams weusi kama Baby Dodds, ambaye alitokea New Orleans, na New Orleans ndiko watumwa walikuwa wakikutana Jumapili kupiga ngoma na kucheza, uwanja unaitwa Congo Square mpaka leo. Mnyororo upo sikatai, ila umepita mikono mingi na kila mkono umeongeza pingili yake. Ukisema waliiba tu unamfuta hata Baby Dodds mwenyewe.

Tumba_Nne

Nimekaa bendi za dansi miaka 14 naomba nijibu kiufundi. Kijiti, sikiliza Let There Be Drums, hiyo ni 1961, ya Nelson huyohuyo, ilifika namba 7 Marekani na namba 3 Uingereza. Ukimaliza jaribu kuipiga mluzi. Utajikuta unapiga mluzi drams, gitaa limekutoka kichwani. Gitaa la Richie Podolor, ambaye ndo ameitunga na Nelson, linarudia kipande kifupi kilekile kwenye nyuzi nene, kazi yake ni kuwa ukuta, na sikio likishauzoea ukuta linaanza kutafuta kinachotembea, na kinachotembea hapo ni tomtomu peke yake, kubwa ndogo kubwa ndogo, zina sauti ya juu na ya chini kwahiyo zinageuka kuwa wimbo. Snea (ile ngoma ya kati yenye mlio mkali) na matoazi hayawezi hiyo kazi hata uyapige vipi. Na sisi hapa neno letu lenyewe ngoma ni ile ya kupigwa, ni kucheza, na siku hizi ni wimbo wowote ule, sasa ngoma ya ngoma tupu ikushangaze nini?

Kitu cha pili nakwambia wewe hasa, jamaa HAKIMBIZI. Mikono ina haraka ila mdundo wa chini umekaa palepale kama kigingi. Wewe unakimbiza kwasababu ukifika mahali pa kujaza, yaani yale mapigo ya kuunganisha vipande vya wimbo, unakiogopa kimya, unataka kurudi kwenye pigo la kwanza kabla halijafika. Najua maana nilikuwa hivyohivyo, kiongozi wetu wa bendi alikuwa ananirushia kifuniko cha soda.

Nai_Breaks

Wasee mbona mnaongea drams tu mkisahau bongo? Mwaka huohuo 1959, lebo hiyohiyo ya Original Sound iliyotoa Teen Beat, kulikuwa na Preston Epps na Bongo Rock, ikafika namba 14. (Bongo zile za kupiga na vidole, wa Dar tulieni, si nyinyi.) Sasa hiyo ngoma haikufa, manze. 1973 kikundi cha studio kinaitwa Incredible Bongo Band kikairudia, na kwa albamu hiyohiyo wakaweka Apache, ile ya gitaa ya bendi ya Uingereza The Shadows ya 1960, lakini ndani wakaacha pahali pa drams na bongo zikiwa zimebaki pekee yake. Bongo ni King Errisson wa Bahamas, drams ni Jim Gordon. DJ Kool Herc, msee wa kuzaliwa Jamaica, akachukua santuri mbili za hiyo kitu kwa pati zake kule Bronx, hii ikiisha anarudisha ile, ndio wachezaji wasinyimwe hapo kwa drams. Hip hop imetoka hapo. So ukiuliza kama ni kumbukumbu ya wazee, si wazee walikuwa kwa hizo pati, ni watoto.

Mbishi_Bila_Posho

Mnaisifia sana. Mimi Nelson nimemsikiliza albamu nzima, tena zaidi ya moja, maana alitoa kibao na nyingi ni nyimbo za watu wengine amezigeuza za drams. Wimbo wa kwanza unasimama, wa pili unatikisa kichwa, wa nne unaanza kukumbuka hujalipa luku. Hizi ni ngoma za kupiga moja halafu unabadilisha. Na nyie mnaosema tomtomu inaimba, mbona kwenye Wipe Out ya bendi ya Marekani The Surfaris gitaa ndo linaimba na bado watu wanakumbuka drams?

Tumba_Nne

Mbishi kwenye albamu nakuunga mkono, ziliundwa kwa santuri ndogo ukizipanga kumi na mbili zinachosha, ni kama kula pilipili kavu bila ugali. Ila Wipe Out umejijibu mwenyewe. Sikiliza inavyojengwa, gitaa linamaliza sentensi yake linanyamaza kabisa, drams inaachiwa uwanja, gitaa linarudi, drams tena. Unaisubiri. Ron Wilson mwenyewe, mpiga drams wao, kile kipande alikitoa kwenye mdundo wa bendi ya shule ya kutembea kwa gwaride, akakiongeza moto, basi. Walikuwa vijana wadogo, 1963, wanahitaji wimbo wa kuweka upande wa pili wa santuri wakaubuni hapohapo studio, kule mwanzo kabla ya kile kicheko walivunja kipande cha mbao karibu na maikrofoni. Upande wa pili ukafika namba 2. Na kinachoifanya idumu ni kwamba haihitaji drams kuipiga, meza ya darasani inatosha, kila mtoto anaweza kuijaribu na karibu wote wanaiharibu.

Halafu hamjasema la Nelson na mguu. Mwaka 1963 alipata ajali ya pikipiki wakamkata sehemu ya mguu wa kulia, ndo ule wa kupigia drams kubwa ya chini. Akajifunza upya kwa wa kushoto akaendelea kurekodi. Amefariki 2022 akiwa na miaka 83. Kijiti ukilalamika tena kuhusu mwalimu wa kwaya kumbuka hiyo.

Kijiti_Kavu

Wakuu nimewasoma wote. Leo mchana nimeweka Wipe Out nikaipiga kwenye mapaja, sekunde ishirini za kwanza mimi ni Ron Wilson, baada ya hapo mkono wa kushoto ukaomba likizo. Nikaipunguza kasi nusu nikaona sasa ni kweli ninachokosea, sio kasi, pigo la mwisho la kila kipande nalipiga mapema. Mke wangu hajui chochote cha mambo haya, yuko jikoni, akaniambia "hapo kwenye kurudi unajikwaa". Yaani hata yeye alikuwa anaisubiri.

Tumba_Nne, tomtomu yetu moja pale kanisani ngozi imelegea inalia kama ndoo. Naanzia wapi kuikaza bila kuipasua?

Tumba_Nne

Skrubu zinazotazamana, usizifuate kwa mzunguko. Kila moja nusu raundi kisha unavuka upande wa pili, katikati unagusa kwa kidole unasikiliza. Na usiikaze sana, ukitaka ile sauti ya Nelson iache nene kidogo.