TUPEANE UZOEFU: Tunaoishi na ugonjwa wa moyo, hospitali za serikali zimetubeba vipi?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mgonjwa wa valvu, yaani vile vilango vya ndani ya moyo. Chanzo ni mafindofindo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, yakazaa homa ya rumatiki. Viungo vilivimba kwa zamu, leo goti, kesho kiwiko, na valvu ikaharibika kimyakimya. Ukubwani nikawa silali bila kupanga mito. Nikilala chali pumzi inakata.

Nilipasuliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, nikawekewa valvu ya chuma. Kabla taasisi hiyo haijaanza mwaka 2015, wengi wa aina yangu walikuwa wakisubiri rufaa ya kwenda India. Madaktari na manesi wa pale nawaombea kila siku.

Ila upasuaji una mwisho wake. Kinachofuata ni warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote. INR yangu, yaani kipimo cha damu inachelewa kiasi gani kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaweza kuganda kwenye valvu nikapata kiharusi. Ikipanda, hata mswaki unanitoa damu. Mchicha na kisamvu sikukatazwa. Niliambiwa nile kiasi kilekile wiki hadi wiki, maana vitamini K ya mboga za majani inapunguza nguvu ya dawa. Usiku nyumba ikitulia, naisikia valvu ikigonga kifuani kama saa ya ukutani. Mke wangu naye huisikia.

Kwangu mimi, thamani ya hospitali ya umma iko hapo kwenye kliniki ya kila mwezi. Nyie wenzangu je?

*Mdau, Tabora*
Kijana wangu anachomwa penisilini kila baada ya wiki nne ili homa ile isirudi kumalizia valvu. Tunachomea zahanati ya kijijini kwetu. Ile sindano inauma jamani, dawa yake ni nzito. Nesi wetu huishika kwanza chupa kiganjani mpaka ubaridi uishe, kisha anaisukuma dawa taratibu huku akimuuliza habari za shule. Dawa ikikaribia kuisha anatupigia simu tujue mapema, tuifuate kituo cha afya. Ingekuwa lazima twende mjini kila mwezi, tungeshaacha zamani.

*Mama wa watatu, Dodoma*
Wangu alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alikuwa akinyonya jasho linamtoka usoni, anaachia ziwa aheme, anarudi. Hospitali moja binafsi walitaka malipo ya awali ambayo hata tungeuza kiwanja yasingetimia. Hospitali ya serikali walimfanyia eko (kile kipimo cha picha ya moyo), ustawi wa jamii wakatusikiliza, rufaa ikatoka. Tundu lilizibwa. Sasa anakimbizana na kuku uwanjani, na mimi bado nasimama mlangoni kuangalia anavyohema.

*Mdau, Glasgow*
Mimi ni mapigo ya moyo kwenda ovyo. Hapa Scotland dawa za cheti hazilipiwi tangu 2011, nachukua tu. Mama yangu yuko Moshi, ana ugonjwa huuhuu, na kila mwezi ndugu tunachangishana hela ya dawa zake. Ndiyo maana suala la bima ya afya kwa wote nalifuatilia kwa karibu sana.

*Mdau, Morogoro*
Dada zangu wenye valvu ya chuma, mkitaka mtoto semeni kliniki KABLA ya kushika mimba. Warfarin ina madhara kwa mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Mimi walinibadilishia nikawa najichoma sindano za heparini, nayo ni ya kuzuia damu isigande. Msiache dawa kienyeji.

*Mwanzisha uzi*
Asante dada wa Morogoro, hilo wengi hawaambiwi. Mdau wa Tabora, mpe nesi salamu zetu. Wa Kanda ya Ziwa, kuna hospitali ya wilaya inayopima INR na kutoa majibu siku hiyohiyo? Ndugu yangu yuko Geita, kila kipimo anapanda basi hadi Mwanza.