Toharani: wahubiri wanatutukana msibani, na sisi Wakatoliki tunanyamaza kwa sababu hatujasoma

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Wasimamizi, uzi huu msiuhamishie kwenye vichekesho. Nina malalamiko na nina hoja.

Nimechoka na tabia iliyoingia misibani kwetu huku mashariki mwa Uganda. Mtu amekufa, kaburi halijafukiwa, na mhubiri mgeni aliyepewa dakika chache za neno la faraja anakamata maiki na kuanza kuwahoji wafiwa: "Nionyesheni toharani kwenye Biblia! Mstari mmoja tu!" (Toharani, kwa wasiojua, ni kule kutakaswa kwa roho baada ya kifo kabla ya kuingia mbinguni, tunavyoamini sisi Wakatoliki.) Juzi juzi ilikuwa zamu ya ukoo wetu. Marehemu alikuwa shangazi, Mkatoliki tangu utotoni, mwanakwaya mpaka miguu ilipokataa. Nusu ya ukoo siku hizi ni walokole, kwa hiyo pasta wao akaomba nafasi, na wazee kwa heshima wakampa. Akatangaza kwenye spika kwamba rozari tuliyosali kwenye mkesha ni kelele, misa ya wafu ni biashara, na marehemu ameshafika alikofika. Watoto wa marehemu wamekaa hapo kwenye mkeka wanasikia. Mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa, anatazama viatu vyake.

Na sisi je? Kimya. Katekista mzima, anayefundisha komunyo ya kwanza miaka nenda miaka rudi, alisimama akasema "ndivyo Kanisa linavyofundisha", akakaa. Hapo ndipo nilipokasirika mara ya pili, na hasira ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Nianze na pasta lakini, maana yeye ndiye aliyechokoza.

Ndugu yangu, unadai mstari kutoka Biblia ipi? Yako ina vitabu 66, yetu ina 73. Unafungia saba kabatini halafu unaniambia tafuta, na mstari wenyewe umo kwenye mojawapo ya hivyo saba! Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kuanzia mstari wa 38 hadi mwisho. Yuda Makabayo, kiongozi wa Wayahudi vitani, amepigana na jeshi la Gorgia, na baadhi ya watu wake wameuawa. Wenzao wanakwenda kuwachukua wawazike, wanakuta chini ya nguo za kila marehemu hirizi za miungu ya Yamnia. Hirizi, jamani, kwa wanajeshi wa Mungu wa Israeli. Yuda hakushika maiki kusema wameshafika walikofika. Alichangisha drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Mwandishi anamsifu kwa hilo: kama Yuda asingetarajia wafu wafufuke, kuwaombea kungekuwa kazi bure.

Ukisema kitabu hicho kwako si Maandiko, sawa, tutajadiliana. Luther, baba wa Waprotestanti, alilisema hilo akijadiliana na Eck, mtetezi wa Kanisa Katoliki, kule Leipzig, Ujerumani, mwaka 1519. Waanglikana nao, katika zile Makala 39 za imani yao, ya 6 inasema vitabu hivyo visomwe kwa mafunzo ya maisha lakini visitumiwe kuthibitisha fundisho, na ya 22 inaikataa toharani waziwazi kuwa haina msingi wowote katika Maandiko. Huo ni msimamo wa watu wazima. Wanakuambia ugomvi uko wapi: ni vitabu gani vinahesabiwa. Wewe unalificha hilo, unamwacha mtoto wa marehemu aamini kwamba mama yake alidanganywa maisha yake yote na watu waliotunga jambo kutoka hewani. Na kwa kuwa unapenda sana kumtaja Luther, tasnifu zake 95 za mwaka 1517 zilishambulia biashara ya rehema, yaani kuuza msamaha wa adhabu za dhambi, lakini toharani yenyewe zinaizungumzia kama kitu kilichopo. Aliandika kuikana baadaye, mwaka 1530. Hata yeye alihitaji muda wa kufikiri. Wewe ulitumia dakika tano.

Haya, sasa zamu yetu, na hapa Wakatoliki wenzangu mtanichukia.

Tangu msiba ule watu wa jumuiya wananitumia kwenye WhatsApp orodha za mistari "inayothibitisha toharani". Nimeisoma yote, nikitulia, na sura zake zote. Mingine inatuaibisha. Mathayo 12:32, anayemtukana Roho Mtakatifu "hatasamehewa katika ulimwengu huu wala katika ule ujao". Mnasema: aha, kumbe kuna dhambi zinazosamehewa katika ule ujao! Papa Gregori Mkuu aliusoma hivyo, sikatai. Lakini Marko 3:29 anasimulia maneno hayo hayo na anasema tu kwamba mtu huyo hana msamaha milele. Pasta mwenye akili atakufungulia Marko, utabaki mdomo wazi. Mathayo 5:26, kulipa hata senti ya mwisho gerezani: Yesu hapo anahimiza watu wapatane kabla ya kufika kwa hakimu. Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa kale, aliusoma kwa habari ya roho baada ya kifo, lakini kwa mlokole anayetaka uthibitisho mstari huo peke yake hautoshi, na mimi namwelewa.

Mstari mzito ni 1 Wakorintho 3. Siku ile moto utapima kazi ya kila mjenzi, kama alitumia dhahabu au manyasi, na ambaye kazi yake itateketea, "yeye mwenyewe ataokolewa; lakini ni kama kwa moto". Hapo pana kitu. Mtu anaokoka, na anapata hasara, na kuna moto, yote katika sentensi moja. Walokole hupita hapo mbio. Lakini na sisi tusiwe wajanja: Paulo anamzungumzia Apolo na yeye mwenyewe, yaani wahubiri, na moto huo ni wa Siku ya hukumu, hakusema ni wa muda kati ya kufa na kufufuka. Kwa maneno mengine, mtu wa kwanza kutetemeka akisoma sura ile ni yule aliyeshika maiki pale kaburini!

Hata Wamakabayo wana mfupa ndani yake ambao hakuna katekista amewahi kunitolea. Toharani, kwa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1030, ni ya waliokufa katika neema na urafiki wa Mungu lakini hawajatakaswa kikamilifu. Wale askari walikufa na sanamu mwilini. Kuabudu sanamu kwetu ni dhambi ya mauti, ile inayomtoa mtu katika neema. Sasa waliingiaje toharani? Sura ile inathibitisha kwamba Wayahudi wale waliwaombea wafu ili wafunguliwe dhambi. Hilo linathibitika, tena vizuri. Ila mahali penyewe, moto, muda wa kukaa, havimo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, muupige mawe mkitaka. Kuwaombea wafu kuna msingi katika Maandiko yetu ya vitabu 73. Kwamba hakuna kilicho kinyonge, yaani kichafu, kinachoingia katika mji wa Mungu, Ufunuo 21:27 upo katika Biblia za pande zote mbili. Fundisho la toharani ni hitimisho ambalo Kanisa lilifikia kwa kuyaweka mambo hayo pamoja, likalitamka rasmi kwenye mitaguso, ile mikutano mikuu ya maaskofu: Lyon mwaka 1274, Firenze 1439, Trento 1563. Mimi hitimisho hilo nalikubali. Lakini kusema "limeandikwa wazi kwenye Biblia" ni uongo, na kusema "halina hata harufu kwenye Biblia" ni uongo pia. Na tafadhali, asije mtu na lile jibu la "mbona hata neno Utatu halimo". Jibu hilo linaonyesha tu kwamba fundisho linaweza kuwepo bila jina lake. Halionyeshi kwamba hili lipo.

Ungependa kujua Wakristo wa zamani walifanya nini, usiende mbali, kaa hapa Afrika. Perpetua, mfia dini wa Karthago mwaka 203, akiwa gerezani alimwombea mdogo wake Dinokrate aliyekufa akiwa na miaka saba. Kwenye njozi alimwona ana kiu na birika la maji liko juu kuliko kimo chake. Akaendelea kuomba, kisha akamwona anakunywa na kucheza kama watoto wanavyocheza. Njozi si Maandiko, najua. Lakini huyo ni mama kijana wa Kiafrika anayengoja kutupwa kwa wanyama, miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Trento, na hakuna aliyekuwa akimuuzia rehema. Parokia zetu zimejaa akina Perpetua. Ni wangapi wameambiwa habari hii?

Hawaambiwi. Wanachoambiwa ni bahasha.

Ikifika Novemba, bahasha inagawiwa: andika majina ya marehemu wako, weka sadaka, rudisha. Sina tatizo na bahasha yenyewe, padri naye anakula. Tatizo langu ni maneno yanayoandamana nayo. Kwenye kigango kimoja nilimsikia kiongozi wa walei (waamini wasio mapadri) akiwaambia akina mama kwamba ambaye jina la mumewe halitasomwa, basi amemwacha mumewe motoni. Mjane anayeuza dagaa stendi, ada ya shule imemshinda, anaambiwa hivyo! Huyu akihamia kwa walokole mwezi ujao mtasema amepotoshwa na nani?

Kwa wasiojua, na viongozi wengi wa walei inaonekana hawajui: Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 947, zinaagiza kwamba katika sadaka za misa iepukwe kabisa hata sura tu ya biashara. Kanuni ya 945 inawahimiza mapadri waadhimishe misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata pasipo kupokea sadaka. Yaani mjane yule ana haki ya kumwendea padri mikono mitupu na kuomba misa. Na Trento, mtaguso wenyewe uliolitetea fundisho hili mbele ya Waprotestanti, ulisema mambo mawili tu katika amri yake ya 1563: toharani ipo, na roho zilizomo husaidiwa na sala za waamini, hasa sadaka ya altare, yaani misa. Moto haukutajwa. Kisha ukawaamuru maaskofu wakataze yale yanayoelekea kwenye udadisi, ushirikina au faida chafu. Faida chafu! Maaskofu wa karne ya 16 waliwaona ninyi wenye bahasha za vitisho kabla babu zenu hawajazaliwa.

Papa Yohane Paulo II alieleza mwaka 1999 kwamba toharani si mahali bali ni hali. Benedikto XVI, katika barua yake ya 2007 juu ya tumaini, akagusia maoni ya wanateolojia kwamba moto unaotakasa na kuokoa ni Kristo mwenyewe, kukutana naye uso kwa uso. Hilo ndilo jibu ambalo katekista wetu angempa pasta anapotoa hoja yake yenye nguvu, ile ya Waebrania 10:14, kwamba toleo moja limekwisha kuwakamilisha wanaotakaswa. Pasta yuko sahihi kwamba msalaba hauongezewi kitu. Swali lililobaki ni kama msalaba huo huo unaendelea kutusafisha tunapovuka. Hayo ndiyo mazungumzo tungeweza kuwa nayo, chini ya mwembe, baada ya kula posho (ugali), siku nyingine, marehemu ameshapumzika.

Badala yake tunarudia ya 1879, Mackay, mmisionari wa Kianglikana, na padri Lourdel, Mkatoliki, wakibishana mbele ya Kabaka Mutesa wa Buganda mpaka mfalme mwenyewe asijue amwamini mzungu yupi. Mnakumbuka yalikoishia: Mengo, 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wakipigana kwa bunduki.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyeniletea mwizi wa msalabani, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi": hoja nzuri, na ndiyo bora kuliko zote alizotoa pasta. Lakini Kanisa halijawahi kufundisha kwamba kila mtu lazima apite toharani. Na mtu aliyesulubiwa mchana kutwa, akikiri kosa lake mbele ya umati, sijui unataka atakaswe vipi zaidi.

Aliyeandika Waebrania 9:27: kufa mara moja na baada yake hukumu, hata sisi tunafundisha hivyo. Toharani si nafasi ya pili. Anayeingia huko ameshahukumiwa na ameshaokoka. Soma kwanza unachokipinga.

Wanaonitukana kwamba ninauza siri za parokia: sijaitaja, na sitaitaja. Mkijitambua ni juu yenu.

Na kuna jambo mmoja amelidokeza nikalipenda. Waorthodoksi wanawaombea wafu wao siku ya tatu, ya tisa na ya arobaini, lakini toharani yetu wanaikataa. Askofu wao Marko wa Efeso aligoma kutia sahihi mapatano na Wakatoliki kule kwenye mtaguso wa Firenze. Kumbe kuna njia ya tatu, na tunayo hapa hapa Kampala, Namungoona, tangu enzi za Reuben Spartas, mwanzilishi wa Uorthodoksi Uganda. Kama humu yuko Mwaorthodoksi, naomba aje aeleze msibani kwao padri anasema nini mbele ya kaburi, na ni mistari gani anaisoma.