Spika kubwa za zamani (JBL L100) kuziingiza kwenye kabati la ukutani, sauti itakuwaje?

Mwana_Kigamboni
Wakuu habari za saa hizi. Nina spika mbili JBL L100 za miaka ya 70, zile zenye wufa (spika ya besi) nyeupe inchi 12, marehemu mzee alizinunua enzi za ubaharia wake na mpaka leo zinapiga vizuri sana. Sasa nyumba inaisha na mama watoto anataka ukuta mmoja wa sebule wote uwe kabati la kujengea, TV katikati, vyombo na vitabu pembeni, na spika ziingie humo humo watoto wasizichezee. Mimi sina shida na hilo ila naogopa sauti kuharibika. Fundi nshamuonyesha, anasema anatengeneza vyumba viwili vya MDF (bodi ya unga wa mbao) saizi ileile ya spika ziingie kwa kubana alafu mbele milango ya kupendezesha. Spika moja urefu kama futi 2, upana inchi 14, uzito inapita kilo 20. Nimruhusu?

Besi_Nzito
Msimamishe kwanza mkuu, ila wazo la kabati sio baya. Hizo L100 tundu la kupumulia besi liko mbele, haliko nyuma, kwahiyo ukuta ukiwa karibu nyuma hauna shida. Cha kujua ni kwamba uso wa spika ukiwa sawa na ukuta, ile besi ambayo ingezunguka nyuma yote inasukumwa mbele, sauti za chini zinaweza kupanda mpaka desibeli 6 ukilinganisha na spika iliyosimama peke yake katikati ya chumba. Studio nyingi zinachimbia spika kubwa ukutani makusudi kabisa, ila wanarekebisha besi. Wewe utapunguza kwa toni ya risiva (ile mashine inayoendesha spika), na ukitoa kava la mbele kuna vinobu viwili, kimoja cha sauti za kati kingine cha twita (spika ndogo ya sauti za juu), hapo lazima mkono ufike.
Kibaya zaidi ni kuzisukuma ndani sana. Uso wa spika ukizama hata inchi 3 nyuma ya ukingo wa kabati, sauti ya twita inagonga zile mbao za pembeni inarudi imechelewa, mwimbaji unamsikia kama yuko ndani ya pipa. Kwahiyo uso uwe sawa na ukingo wa kabati au utokeze kidogo. Na twita iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa kwenye kochi, asikupandishie spika kule juu karibu na dari.

FundiWaKeko
Mimi makabati ndio kazi yangu. Kubana usikubali kaka. Aache nafasi ya vidole viwili kila upande na juu, alafu hiyo nafasi ijazwe vipande vya sponji la godoro, vilegee tu, kazi yake ni uwazi usivume. MDF ya milimita 18 peke yake inaweza kupinda kwa uzito huo, agundishe mbili pamoja au aweke mbao ya mninga na nguzo chini mpaka sakafuni. Chini ya spika weka raba nene nne, bila hivyo mtikisiko unaingia kabati zima, ukifungulia rumba gitaa la besi likishuka tu glasi zote zinalia kwenye rafu na bawaba zinagonga.
Mlango wa MDF mbele ya spika hapana kabisa. Tengeneza fremu nyembamba ya mbao yenye kitambaa chepesi, ishikwe na sumaku ili itoke kwa mkono. Kitambaa kipime dukani, kiweke mdomoni upulize, pumzi isipopita yote ujue na twita haitapita. Na waya acha mita moja ya ziada nyuma, siku ukitaka kuivuta spika nje usibomoe kitu.

zee_la_santuri
Mmesahau risiva, ile inachemka. Rafu yake iwe wazi nyuma na juu aache angalau inchi 4.
Na wengine wenye spika tofauti msikopi hivi hivi. AR-3a kwa mfano, spika nyingine za zamani, boksi lake limefungwa lote na zinakubali rafu vizuri, ila vinobu vyake viko nyuma na vinashika kutu, ukishazijengea huvifikii tena. Zenye tundu nyuma mi naona ziacheni zisimame zenyewe.

Mwana_Kigamboni
Asanteni sana wakuu, fundi nshampigia asikate mbao kwanza. Swali jingine, ukuta wenyewe ni wa nje na masika unatoa unyevu, hapo vipi?

FundiWaKeko
MDF ikinywa maji inavimba na hairudi. Kabati lisiguse ukuta, apige kwanza mbao za inchi 1 kwa 2 zilizopakwa dawa ya mchwa, kabati lishike hapo. Nyuma ya spika asiweke bodi, hewa ipite. Unyevu wenyewe tafuta unapotokea uzibwe kabla hajaanza kazi.