Nanunua shamba Muheza: udongo mwekundu, mweusi wa bondeni au ule wa mawe wa huku pwani?

Kijana wa Chumbageni
Habarini wakuu. Nina akiba yangu nataka kununua shamba kabla mwezi haujaisha maana mwenye mali mmoja ameshaanza kunipigia simu kila siku. Nimezunguka wiki mbili nimebaki na sehemu tatu. La kwanza liko Muheza kwenye mteremko, udongo mwekundu kabisa, viatu vyangu mpaka leo havijatakata. La pili liko bondeni si mbali na hapo, tambarare, udongo mweusi ti, na ndilo la bei rahisi kuliko yote. La tatu liko upande wa Mkinga karibu na bahari, udongo wa kijivu una mawe mawe ya matumbawe ila barabara iko mlangoni. Baba mdogo anasema mweusi ndio wenye rutuba nisijiulize mara mbili. Nyinyi mngechukua lipi?

Mama Machungwa
Kaka hujasema unataka kupanda nini, hujasema ekari ngapi, hujasema maji utapata wapi. Tukujibu nini hapo? Mpunga na mchungwa havilali kitanda kimoja. Na hayo mashamba umeyaona lini, kiangazi au masika?

Bin Pangani
Chukua jeusi ulale usingizi. Marehemu baba kalima mpunga na mahindi kwenye udongo mweusi maisha yake yote na hatujawahi kununua mfuko wa mbolea. Udongo mwekundu ni wa kukandikia nyumba.

Kijana wa Chumbageni
Samahanini nilisahau. Ni ekari nne, lengo ni machungwa, pembeni migomba na mihogo ya kula nyumbani. Kisima hakuna kwenye yote matatu, nategemea masika na vuli. Nimeyaona mwezi huu wa pili jua likiwa kali.

Mzee wa Ngomeni
Mwanangu, umesema mwezi wa pili tena umesema machungwa, basi ngoja nikupe yangu. Nilipostaafu nilichukua kiinua mgongo nikanunua ekari tatu za bondeni, nyeusi hivyohivyo, na mimi niliiona kiangazi, imepasuka nyufa, nikaambiwa ardhi inapumua hiyo. Kuna ufa nilitumbukiza fimbo yangu ikazama karibu yote, mjukuu akaangusha sandali humo hatukuipata. Nikapanda miche mia mbili. Mwaka wa kwanza ilipendeza watu wanasimama barabarani kuitazama. Masika ya pili mvua ikapiga kwelikweli, maji yakatuama wiki ya tatu hayaendi mahali, ukikanyaga udongo unakung'ang'ania mpaka buti inabaki chini mguu unatoka mtupu. Mvua ikakatika nikashukuru Mungu, kumbe ndio kwanza. Majani yakaanza unjano, halafu gome karibu na ardhi likawa linatoa machozi, utomvu wa rangi ya asali, ukikwangua kwa kisu ndani ni kahawia. Nikang'oa mche mmoja nione. Kale kamzizi ukikavuta ganda linavuka kama soksi, mkononi unabaki na uzi mweupe, na harufu yake ya maji ya mtaroni. Bwana shamba akaniambia ni ugonjwa wa kuoza mizizi, vimelea vyake vinapenda udongo ulioshiba maji. Mwaka haukuisha nikawa nimebaki na miche kumi na kitu, ile iliyokuwa juu karibu na kichuguu. Kibanda cha mlinzi nacho ukuta umepasuka kuanzia msingi hadi kwenye linta, kwa sababu udongo ule ukilowa unavimba ukikauka unasinyaa. Sasa hivi nalima mpunga humo na unastawi, sikatai. Lakini kiinua mgongo changu kimezikwa pale.

Bin Pangani
Pole sana mzee wangu, ila hukuchimba mitaro. Wamarekani wanalima udongo mweusi huohuo na mahindi yao yanauzwa dunia nzima.

Dongo Tifutifu
Bin Pangani kaka yangu, hapo umegusa penyewe, maana nimesoma mambo ya udongo Iowa, jimbo la Marekani, miaka miwili na nimeingia kwenye mashimo yao kwa miguu yangu. Udongo wao mweusi na huu wa bondeni kwetu wanafanana rangi tu.

Kule kaskazini ya kati ya Iowa ardhi imeletwa na barafu. Kama miaka elfu 14 iliyopita ulimi wa barafu nene ulishuka kutoka Kanada ukafika ulipo mji wa Des Moines ukaishia hapo. Barafu ile ilikuwa inasaga mwamba na kuzoa kila inachopita, ilipoyeyuka ikabwaga mzigo wote ulipo: mchanga, tope, ufinyanzi, kokoto, mawe makubwa, vyote vimechanganyika havijachambuliwa kama maji ya mto yanavyochambua. Ukichimba shimo la mita moja na nusu, juu unakuta kitu cheusi kina cha mkono mpaka kiwiko, ule weusi ni mizizi ya nyasi iliyooza maelfu ya miaka. Chini yake kahawia, chini zaidi kahawia ya manjano, na ukutani mwa shimo unachomoa jiwe la matale limekaa kwenye nchi ambayo mwamba wake wa chini ni chokaa. Jiwe lile lilisafiri. Ukidondoshea tone la asidi kwenye lile tabaka la chini linatoa povu, kwa sababu barafu ilisaga na chokaa.

Sasa sikiliza vizuri. Mkulima wa kule ana kilima kimoja kidogo lakini ramani ya udongo inampa majina matatu. Juu panaitwa Clarion, maji yanapita vizuri. Katikati Nicollet. Chini kwenye bapa panaitwa Webster, juu mweusi kuliko wote lakini chini yake kijivu chenye mabaka ya kutu, maana maji yanakaa. Mlima ni mmoja na mzigo wa barafu ni uleule, kinachotofautisha ni maji tu. Na ile Webster inalisha watu kwa sababu walizika mabomba ya kutoa maji, zamani ya udongo wa kuchoma siku hizi ya plastiki, bila hayo ni kinamasi. Kwa hiyo hata Mmarekani yalimkuta ya mzee wa Ngomeni, ila yeye alitoa hela ya mabomba.

Na kitu kilichonigusa mimi mtu wa Tanga, darasani kule wanafundisha kwamba huu mpangilio wa udongo kubadilika toka juu hadi bondeni unaitwa katena, maana yake mnyororo, na aliyeupa jina hilo ni mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne mwaka 1935 akiwa anafanya kazi Amani, hapo juu yenu Muheza. Alikuwa anatazama vilima vyetu: mwekundu juu, mweusi bondeni. Nilikaa kwenye kiti nikasikia jina la Amani nikataka kulia.

Sauti ya Maramba
Ahsante kwa darasa, ila huku barafu imetoka wapi? Labda Kilimanjaro. Ina maana kahawa ya Moshi inalimwa kwenye udongo wa barafu?

Dongo Tifutifu
Hapana ndugu. Kifusi cha barafu Kilimanjaro kipo lakini juu kabisa, mashamba hayafiki huko. Kahawa iko kwenye udongo uliotokana na volkano.

Mama Machungwa
Turudi kwa kijana jamani, mwezi unaisha. Dongo mwambie afanye nini, mambo ya Moshi yana wenyewe.

Dongo Tifutifu
Achimbe. Kila shamba shimo moja, kina mpaka kiunoni, asichimbe karibu na njia wala kwenye kichuguu. Asafishe kwa kisu ukuta mmoja unaopigwa na jua, atazame rangi inabadilika wapi, mizizi inaishia wapi, kuna mabaka ya kutu au ya kijivu kuanzia kina gani. Kila tabaka achukue donge aliloweshe, alisukume kati ya dole gumba na kidole cha shahada litoke kama utepe. Likikatika papo hapo ni kichanga, likitoka utepe unaozidi sentimita 5 huo ni mfinyanzi mzito. Na lile la Mkinga aende na siki, ikitoa povu ajue kuna chokaa.

Kijana wa Chumbageni
Wakuu nimerudi, nimechimba na mdogo wangu siku mbili mikono ina malengelenge.

Mkinga: chepe limegonga jiwe sentimita 40. Tumejaribu sehemu nyingine mbili ni hivyohivyo. Siki imetoa povu mpaka tukaisikia inachemka.

Jeusi: juu nyufa, chini ngumu kama tofali, ule utepe ulitoka mrefu mpaka ukaning'inia. Kuanzia kina cha goti ndani kuna vipande ukivibandua vinang'aa kama vimepakwa mafuta, na sura vimechorwa mistari.

Jekundu: tumefika kiunoni tukaendelea mpaka kifuani, ni nyekundu tu, haibadiliki, mizizi ya mwembe wa jirani tumeikuta mpaka chini. Mabaka sijaona. Ila juu weusi ni vidole viwili tu.

Dongo Tifutifu
Kazi nzuri sana kijana. Hivyo vinavyong'aa ni udongo kusuguana wenyewe kwa wenyewe ukivimba, hiyo ni Vetisoli, yaani udongo mfinyanzi unaovimba na kupasuka, hata bila maabara, kwa mpunga sawa, kwa mchungwa yatakukuta ya mzee. La Mkinga ni udongo mfupi juu ya matumbawe na chokaa nyingi, mchungwa utakosa chuma majani yawe ya njano mishipa ibaki kijani. Jekundu kina kipo na maji yanapita. Kulipa jina kamili siwezi kwa macho, inaweza kuwa Ferasoli inaweza kuwa Akrisoli, zote ni aina za udongo mzee uliooshwa sana na mvua, inategemea vipimo vya maabara.

Bin Pangani
Vidole viwili vya rutuba ndio akanunue? Huo udongo umechoka, mvua imeshaukamua.

Dongo Tifutifu
Ni kweli umekamuliwa, hilo sikupingi. Ule wa Iowa una miaka elfu kumi na kitu, bado mtoto, madini yake hayajaisha. Huu wetu ni mzee mno, wekundu wake ni chuma kilichobaki baada ya vingine kuoshwa, na mbolea ya fosfeti ukiiweka, udongo unaikamata hauiachii. Kwa hiyo samadi kila mwaka, majani asichome, na apime uchachu. Mlingano ipo hapohapo Muheza wanapima udongo, aanzie kule kabla ya kununua mfuko wowote. Rutuba unaweza kuibeba kwa toroli ukaileta shambani. Kina cha udongo hukibebi.

Mzee wa Ngomeni
Andika hilo la mwisho ulibandike ukutani mwanangu. Ningeambiwa mimi wakati ule.

Mama Machungwa
Mimi michungwa yangu iko kwenye mwekundu, nafukia samadi ya mbuzi kila kabla ya vuli na inazaa. Kinachoniua mimi ni madalali, msimu ukikolea wanakuja na lori wanakutajia bei wao, chungwa likikaa siku tatu limeshaanza kulegea unakubali tu. Hilo la mteremko gari linafika mpaka juu?

Sauti ya Maramba
Na karatasi je? Wengine huko wanauziwa kipande cha lililokuwa shamba la mkonge kisha anatokea mwenye hati. Uliza serikali ya kijiji mbele ya majirani wote wa mipaka.

Kijana wa Chumbageni
Gari kiangazi linafika, masika sijui, nitamuuliza yule jirani wa mwembe. Karatasi anasema ipo ila hajanionyesha. Udongo nimeuweka kwenye mifuko mitatu nimeiandika A B C, Jumatatu naupeleka Mlingano. Tatizo mwenye jekundu anataka jibu Ijumaa hii.

Mama Machungwa
Usilipe kabla ya karatasi wala kabla ya majibu. Akimpata mwingine ampe.

Bin Pangani
Kijana kama jeusi huchukui nitumie namba ya mwenyewe. Mimi nataka pa mpunga.

Kijana wa Chumbageni
Nakutumia sasa hivi kaka.