Dubai, Ureno au Morisi: wapi kodi haitaniumiza nikifanya kazi kwa mtandao?

KodaWaTanga:
Wakuu, habari za humu ndani. Natengeneza programu kwa kampuni moja ya Ujerumani, wananilipa kama yuro 3,800 kwa mwezi. Mwakani nataka nikakae nje mwaka mmoja au zaidi, na kazi ni ileile. Nimechuja nimebaki na Dubai, Ureno na Morisi. Kwa upande wa viza kipato kinatosha kote. Kinachoninyima usingizi ni kodi. Wapi nitabaki na pesa nyingi zaidi mkononi? Mwisho wa mwezi lazima niwe nimeshajaza fomu.

Bandari_Salama:
Dubai, mkuu. Kodi ya mapato ya mtu binafsi hawana kabisa. Viza ya kazi ya mbali ni ya mwaka mmoja, wanataka ushahidi wa dola 3,500 kwa mwezi na bima ya afya. Mimi niko Deira, kodi ninayoiona ni VAT ya 5% dukani tu.

Hesabu_Kwanza:
Ndugu, umeficha mambo ya msingi. Umeajiriwa au unatuma ankara? Una nyumba Tanzania? Familia inabaki? Utakuwa unarudi? Ukishayasema hayo ndipo tujadili. Sasa hivi kila mtu atakuuzia nchi anayoishi yeye.

KodaWaTanga:
Natuma ankara kila mwezi. Sijaoa. Nyumba ipo Tanga, ni yangu, mama anakaa humo na chumba changu hakijaguswa. Idi lazima nirudi. Ila nyumba ya Tanga inahusianaje na pesa ya Ujerumani?

Hesabu_Kwanza:
Inahusiana kuliko viza yenyewe. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato inakuhesabu mkaazi ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka. Sehemu yoyote, hata siku tatu za Idi. Siku 183 ambazo kila mtu anaziimba ni njia ya pili. Ya tatu ni kuwepo mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Ikikukamata moja inatosha. Na mkaazi hutozwa kwa mapato ya dunia nzima, tena kwa kipato chako sehemu kubwa itaangukia kwenye 30%.

Sasa tazama mtego wa Dubai. Kodi uliyolipa nje unaweza kuombea nafuu hapa nyumbani. Usipolipa chochote nje, hakuna cha kupunguza. TRA, yaani mamlaka ya mapato ya Tanzania, wakikuhesabu mkaazi, ile sifuri ya Dubai haikusaidii kitu.

Bandari_Salama:
Unamtisha kijana bure. Nani atajua? Watu wako huku miaka na miaka.

Mama_Nyali:
Nani atajua? Ngoja niwasimulie, na mimi ni Mkenya lakini sheria yetu kwenye hili inafanana na yenu. Shemeji yangu alikwenda Dubai na kazi ya mtandao. Mke na watoto wakabaki Kisauni, kwenye nyumba yao. Kabla ya kuondoka alimlipa mhasibu mmoja amshauri, akaambiwa Dubai hakuna kodi, kwa hiyo ajaze ritani ya sifuri kila Juni na alale. Akafanya vivyo hivyo, na kila Disemba alikuja nyumbani kuona watoto.

Mambo yaliharibika alipotaka cheti cha ulipaji kodi kwa ajili ya zabuni. Akatakiwa aeleze fedha zilizokuwa zikiingia benki mwezi baada ya mwezi. Nyumba ipo, mke yupo, yeye mwenyewe alikuja: mkaazi. Akakadiriwa kodi ya miaka yote, adhabu 5% ya kodi ile, na riba ya 1% kwa kila mwezi. Risiti ya kodi ya Dubai hakuwa nayo, angeitoa wapi? Kiwanja cha Mtwapa alichokuwa amewawekea watoto kikauzwa. Yule mhasibu hapokei simu hadi leo. Dada yangu akilisikia neno Dubai anatoka chumbani. Kwa hiyo tafadhali, msimwambie mtoto wa watu "nani atajua".

Lisboa_Mswahili:
Pole sana dada. Mimi nasema Ureno, japo si kwa sababu ya kodi. Viza ya D8, ile ya wanaofanya kazi kwa mtandao, inataka mara nne ya kima cha chini cha mshahara. Kwa 2025 ilikuwa yuro 3,480, kwa hiyo nafasi yako ni finyu, kima kinapanda kila mwaka. Ukipita siku 183 ndani ya miezi 12 yoyote umekuwa mkaazi wa kodi, na ngazi za kodi ya mapato zinafika 48%. Ile nafuu ya wakaazi wapya inayotangazwa YouTube ilifungwa kwa wanaoingia baada ya 2023. Iliyokuja badala yake inalenga utafiti na ubunifu. Anayetuma ankara kama wewe anachangia pia hifadhi ya jamii, 21.4% ya asilimia 70 ya mapato, baada ya msamaha wa miezi 12 ya mwanzo. Ni nyingi, lakini unajenga ukaazi wa kweli.

KodaWaTanga:
Kwa hiyo nikilipa Ureno, TRA hawanidai?

Hesabu_Kwanza:
Mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili hatuna na Ureno. Tunao na Kanada, Denmark, Ufini, India, Italia, Norwei, Afrika Kusini, Swideni na Zambia. Lakini nafuu ya kodi ya nje ipo kwenye sheria yetu wenyewe, mradi una uthibitisho. Tunza karatasi.

Bahari_ya_Hindi:
Mbona Morisi mnairuka? Viza yao haina ada, wanataka dola 1,500 tu kwa mwezi. Pesa ya nje inatozwa pale unapoiingiza nchini, na ukitumia kadi ya benki ya nje haihesabiwi kuwa umeiingiza. Nyumbani karibu, bahari ileile.

Hesabu_Kwanza:
Sawa, ila kwa nyumba ya Tanga inarudi palepale pa Dubai.

Bandari_Salama:
Nyumba anakaa mama! Hayo ni makazi ya mama.

Hesabu_Kwanza:
Hati ya nani? Chumba cha nani? Angekuwa amempangisha mtu baki kwa mkataba, ningekuwa na hoja ya kumtetea. Kwa hali hii singethubutu.

Bandari_Salama:
Hapo hatukubaliani.

Mzalendo_Halisi:
Mtanzania ni Mtanzania, lipa kodi popote ulipo.

Minnesota_Bongo:
Si hivyo, mkuu. Kwetu ni ukaazi, si uraia. Marekani ndiyo inayomfuata raia wake na mwenye grini kadi hadi mwisho wa dunia. Mapato ya kazi ya nje hadi dola 130,000 kwa 2025 unaweza kuyaondoa, ukitimiza siku 330 nje, lakini aliyejiajiri bado anadaiwa 15.3% ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee (Medicare).

Mzalendo_Halisi:
Ndiyo maana nasema uraia pacha uje na kodi yake.

Minnesota_Bongo:
Uraia pacha anzisha mada yake, nitakuja.

KodaWaTanga:
Jamani, nimesoma yote. Mama simtoi ndani ya nyumba kwa ajili ya kodi. Nitamwona mshauri wa kodi hapa Tanga kabla ya kugusa fomu. @Bandari_Salama, pango la chumba Deira wanataka lilipwe kwa cheki ngapi kwa mwaka?

Bandari_Salama:
Inategemea mwenye nyumba. Njoo inboksi.